Utumbo Uliobaki

Nilikuwa nauza sufuria Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, kwa miaka mingi kabla tumbo langu halijajinyonga. Duka langu lilikuwa chini, mbele kabisa, pale wachukuzi wanapopita na mabunda kichwani wakipiga kelele watu wawapishe, na mimi nilikaa mlangoni juu ya kiti cha plastiki nikiita wateja kwa lugha tatu. Nyumbani kwetu tunasema Kinubi, kwa kuwa babu zetu waliletwa hapa wakiwa askari na hawakurudi tena walikotoka. Kiganda kilikuwa cha majirani. Kiswahili kilikuwa cha Wakongo, Wakenya na watu wa Juba, na hao ndio walionunua kwa wingi. Nilikuwa mwanamke mnene mwenye sauti. Nilikuwa nimeachika, nina binti mmoja aliyekuwa shule ya bweni, na nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi wangu chini ya kilima cha Mbuya. Nayasema haya ijulikane kwamba sikuwa mtu wa kuonewa huruma.

Maumivu yalinishika mchana, katikati ya kupatana bei. Nilidhani ni nyama ya jana. Nikafunga kanga kiunoni kwa nguvu, nikamaliza kuuza, nikakaa chini, nikashindwa kusimama. Jioni nilikuwa natapika kitu cha kijani, na kaka yangu, ambaye ana duka la vipuri vya magari si mbali na kwangu, akanipakia kwenye gari akanipeleka hospitali. Walinipasua. Kovu la ndani lililobaki tangu nilipozaa binti yangu kwa upasuaji lilikuwa limejinyoosha kama kamba, na utumbo ukajizungusha juu yake mpaka damu ikakosa njia. Walipofungua, sehemu kubwa ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Daktari aliyenipasua alikuja kitandani mwenyewe. Nilimwuliza utumbo mwembamba umebaki kiasi gani. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akagusa bega, kisha ncha za vidole, akasema labda zaidi ya hapo kidogo.

"Na mwingine wote?"

"Haukuwa hai, mama. Kuurudisha ndani kungekuua."

Aliniambia kwamba utumbo mpana ulikuwa mzima, na kwamba hiyo ilikuwa bahati yangu. Aliniambia pia kwamba katika nchi nyingine watu kama mimi hulishwa kwa mshipa nyumbani kwao, pengine maisha yote, lakini kwa hali yetu hapa itabidi kile kipande kilichobaki kijifunze kazi ya kile kilichotoka. Kinaweza kujifunza, alisema. Huchukua muda, na si cha kila mtu kinachofaulu. Nilimpenda kwa sababu hakunidanganya.

Kaka yangu alikuja wakati bado nina mrija puani. Alisimama miguuni pa kitanda, akazungumza habari za nyumbani, kisha akaniuliza duka nitamwachia nani. Sikuweza kusema, koo lilikuwa limekauka kwa ule mrija. Nikatikisa kichwa. Yeye alielewa kwamba sijui bado. Mimi nilimaanisha simwachii mtu.

Nilirudi nyumbani na mama akanipokea kama anavyopokelewa mzazi aliyetoka kujifungua. Alikuwa ameapa kunirudishia mwili wangu. Asubuhi uji wenye sukari nyingi, baadaye juisi ya pasheni, mchana supu, viazi, mchicha, mchuzi wa karanga, na juisi tena, ya embe au ya nanasi. Wageni walikuja na soda na glukosi. Kila aliyeingia aliniambia ninywe maji mengi, na mimi nilikunywa, kwa sababu kiu niliyokuwa nayo sijawahi kuiona. Ulimi ulinata kwenye kaakaa. Nilikunywa jagi zima la maji yaliyochemshwa na kiu ikabaki palepale, kama nimelimwaga nje.

Na kwa kweli lilikuwa linamwagika. Sitaficha, kwa kuwa kuficha ndiko kulikokaribia kuniua baadaye. Chochote nilichomeza kilitoka muda mfupi tu baada ya kuingia, na wakati mwingine niliweza kukitambua. Niliishi baina ya kitanda na choo. Nilivaa nepi za watu wazima, mimi niliyekuwa nawafokea wachukuzi wenye misuli. Mashavu yalibonyea. Pete ilinitoka kidoleni nikiwa nanawa, ikaingia kwenye bomba. Mama aliona ninavyokonda, na kadiri nilivyokonda ndivyo alivyozidi kukamua matunda, na kadiri nilivyokunywa ndivyo nilivyozidi kukonda. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika glasi ya juisi.

Asubuhi moja nilienda jikoni kumwambia mama kwamba nasikia kizunguzungu. Nilifika mlangoni. Kilichofuata nakijua kwa kuambiwa: nilianguka pembeni ya jiko, baba akanibeba, yeye ambaye mgongo wake uliharibika kwa kuendesha malori, na akakataa mtu mwingine anishike.

Hospitalini walinitundikia dripu, na mara hii daktari akanipeleka kwa mtaalamu wa lishe. Alikuwa mwanamke kijana, binti wa askari polisi kutoka kaskazini, amekulia kwenye kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya wote, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili bila kutafutana. Nilitarajia aniulize ninaumwa wapi. Aliniuliza jana yake nilikunywa nini, tangu nilipoamka. Nikamtajia kwa fahari kidogo, kwa kuwa nilijiona mgonjwa mtiifu: maji, uji, chai, juisi, maji, soda, juisi. Akaweka kalamu chini.

"Hajati," akasema, "kila ulichokunywa kimepita na kuondoka na maji yako mwenyewe."

Sijawahi kwenda Makka, lakini Kampala kila mwanamke Mwislamu mwenye duka ni Hajati, na niliacha aniite hivyo. Alinieleza polepole. Utumbo mrefu una nafasi ya kurekebisha chochote kinachoingia. Wangu hauna. Maji matupu yakifika kwenye utumbo mfupi, huvuta chumvi kutoka mwilini na kutoka nayo. Vitu vya sukari hufanya kinyume na bado huleta hasara ileile: huvuta maji kutoka mwilini yaje kuizimua ile sukari, kisha yote yanashuka pamoja. Kwa hiyo nilikuwa naoshwa kutoka pande mbili.

"Kwa nini basi nina kiu namna hii?"

"Kiu yako si ya maji peke yake. Ni ya chumvi."

Kisha akanipa utaratibu ambao ulionekana kama umetungwa na mtu asiyenipenda. Ninywe zile pakiti za chumvi zinazokorogwa kwenye maji, wanazopewa watoto wanaoharisha, na ninywe kwa kuonja, funda dogo, kutwa nzima, badala ya kugugumia. Maji matupu, chai na kahawa viwe vichache sana. Juisi na soda zikome. Nisinywe wakati wa kula, maana kinywaji husukuma chakula kipite mbio. Nile kidogo, mara nyingi, mara kwa mara kama mtoto mchanga, na nitafune mpaka kisibaki kitu cha kutafuna. Wali, ugali tunaouita posho, ndizi za matoke, viazi, mkate mweupe. Samaki, yai, kuku. Chumvi niiongeze kwa mkono uliofunguka. Mchicha na karanga nivipunguze sana, kwa sababu kwa watu kama mimi vina kitu kinachoweza kuotesha mawe kwenye figo. Vidonge vya kupunguza mwendo wa tumbo nivimeze kabla ya chakula. Na kuna sindano ya vitamini ambayo nitachomwa maisha yangu yote, kwa kuwa sehemu ya utumbo iliyokuwa inaipokea ile vitamini ilikwenda na kilichokatwa.

Nilimwuliza hii ni mpaka lini. Akasema hajui, na kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu zaidi. Nilitoka pale nimekasirika. Nilikuwa nimeshazoea kuambiwa pole, na huyu hakuniambia pole hata mara moja. Lakini nilipofika kwenye gari la kaka niligundua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe kuna mtu aliyenipa kazi ya kufanya.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia mama. Mama ana shinikizo la damu, na nyumba yetu ilikuwa imepika bila chumvi kwa miaka. Nilipomweleza, alikuwa anakata nanasi. Aliendelea kukata mpaka akalimaliza, akalipanga kwenye bakuli, akalisukuma mbali. Akaniuliza, bila kunitazama, kama ina maana alikuwa ananiua kwa mkono wake.

Nikamwambia, "Ulikuwa unanilisha, mama. Hakuna aliyetuambia."

Alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba, na nikasikia analia kwa sauti ya chini, jinsi wanawake wa umri wake wanavyolia wakiwa hawataki kusaidiwa. Sikumfuata. Nilikoroga pakiti yangu kwenye maji, nikaanza kuonja. Yalikuwa na ladha ya machozi, na nikayanywa.

Kesho yake kulikuwa na vyungu viwili jikoni. Kimoja cha wengine, na kidogo cha kwangu, ambacho mama alitia chumvi huku ameukunja uso. Akaanza kusimamia ratiba yangu kuliko mimi mwenyewe. Aliponda viazi, akachemsha wali mpaka ukalainika, akachambua samaki mwiba kwa mwiba. Wageni waliendelea kuja na makreti ya soda na maboksi ya juisi, na mama aliyapokea mlangoni kwa adabu zote, akayapeleka kwa majirani kabla mgeni hajaketi. Shangazi mmoja alimwambia kwamba ananitesa, mgonjwa gani ananyimwa matunda. Mama akamjibu kwamba huyu mgonjwa ni wake, na kwamba mwenye huruma na alete mayai.

Mayai yakaja. Kuku wakaja. Taratibu tumbo likaanza kukaa na kitu. Nililala saa kadhaa mfululizo. Nilianza kuingia chooni na kutoka kama binadamu wengine, ingawa mara nyingi kuliko wao. Kuna siku nilikosea, nikala kipande cha keki ya harusi kwa sababu nilikitaka, na nikalipa siku nzima. Kuna wiki ambazo uzito haukuongezeka hata kidogo na nikautupa uma ukutani. Lakini zile nepi zilizobaki nilizifunga kwenye mfuko, nikampa muuguzi kwa ajili ya mwingine.

Ndipo nikasema narudi dukani. Kaka yangu alikuwa ameshazungumza na mtu wa kupanga pale. Hakufanya kwa ubaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu mtu anayekudhulumu unaweza kumfokea, lakini huyu alikuwa na uso wa mtu anayebeba mzigo wangu. Alinieleza jinsi choo cha jengo kilivyo ghorofani, mwisho wa ukumbi, na jinsi njia ilivyojaa watu, na akaniuliza kwa upole sana nitafanya nini nikishikwa katikati ya wateja.

Swali lilikuwa la haki, kwa hiyo nililipeleka mwenyewe Kikuubo kulitafutia jibu. Nilipanda ghorofani nikatazama. Mwisho wa ukumbi, ukuta kwa ukuta na choo, kulikuwa na chumba ambacho kilikuwa kinabadilisha wapangaji kila mara kwa sababu hakuna aliyetaka kufanya biashara pale. Nikakichukua. Duka langu la chini, la mbele, ambalo watu waliliota, nikamwachia yule mpangaji wa kaka. Wafanyabiashara wenzangu walinitazama kama mtu aliyeuza ng'ombe akanunua kamba. Kaka yangu alininunia. Mimi nilipanga sufuria zangu kwenye rafu mpya kuanzia kubwa mpaka ndogo, nikaweka kiti cha plastiki mlangoni, nikaweka chupa yangu ya maji ya chumvi upande mmoja na kibakuli cha wali upande mwingine, nikakaa.

Wateja walichelewa kunipata. Mteja wangu wa zamani, mama mmoja Mkongo anayepeleka vyombo Beni, alikuwa wa kwanza kupanda zile ngazi. Alifika juu anahema, akaniangalia kwa muda, kwa sababu nusu ya mwili wangu ilikuwa haipo.

"Mama, pale chini walisema ulikufaka."

"Walisema," nikamwambia. "Unataka sufuria za namba gani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akanunua, na alipotelemka akawaambia wenzake niliko.

Mwezi wa Ramadhani uliingia nikiwa na miezi michache tu pale juu. Ghorofa ile ilikuwa na Waislamu wengi, na jirani yangu wa karibu, mzee anayeuza mablanketi, alikuwa mtu wa swala, anayeheshimiwa na wote. Kwamba sifungi halikuwa na ubishi. Mgonjwa ameruhusiwa, na baba alikuwa ameshapanga kwamba kwa kila siku yangu tutamlisha maskini mmoja. Ubishi ulikuwa mwingine. Kaka yangu alikuja nyumbani akasema nile ndani ya stoo, mlango umefungwa, mwanamke wa ukoo wetu asionekane anatafuna mchana.

"Mungu amekuruhusu, sijakataa," akasema. "Lakini Kikuubo haijakuruhusu."

Nilikubali. Niliona ni adabu, na mimi mwenyewe niliona haya. Ile stoo ilikuwa kijichumba nyuma ya rafu, hakina dirisha, kimejaa maboksi, kina harufu ya alumini na panya. Kila nilipotaka kuonja maji yangu ilibidi nimwache mteja, niingie, nifunge, ninywe, nifute mdomo, nitoke. Mtu hawezi kufanya hivyo kutwa nzima. Nikaanza kuruka. Funda hili nitalinywa baadaye, wali huu nitaula akishaondoka huyu. Nikajikuta ninakunywa mara moja kwa pupa, jambo lililokatazwa, na kula haraka gizani, bila kutafuna. Tumbo likarudia tabia zake. Sikumwambia mtu.

Kisha siku moja yule mama Mkongo alikuwa mbele yangu tunapiga hesabu ya mzigo wake, na vidole vyangu vikaanza kujikunja vyenyewe. Kalamu ikaanguka. Nilijaribu kuvinyoosha vikakataa, vilikuwa vimekazana kama vya maiti, na midomo ikawa inachomachoma. Yule mama hakupiga kelele. Alivishika vile vidole, akavikanda kimoja kimoja, na kwa kuwa aliijua chupa yangu, akaniuliza mara ya mwisho nimekunywa lini. Nikasema nataka kuingia stoo. Akasema siendi popote. Akaitafuta chupa mwenyewe, akaileta, akaishika kwenye mdomo wangu palepale mlangoni, na watu wanapita.

"Kunywa, mama," akasema. "Aone mwenye macho."

Siku ile niliishia kliniki na dripu, na damu yangu ikapimwa, ikaonekana imepungukiwa madini ambayo nilikuwa nimeyamwaga kwa haya zangu. Nilipolala pale nikitazama matone, nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu nipasuliwe. Nilikuwa nimepigania kile kipande cha utumbo kwa mwaka karibu mzima, nimekilisha kijiko kwa kijiko, halafu nikataka kukiua ili majirani wasione taya langu likisogea.

Kaka alikuwa nyumbani wakati wa futari, na alikuwa amesikia. Kabla hajasema lolote nilimwambia kwamba kuanzia kesho nitakula kwenye kiti changu, mlangoni. Sitapaza sauti, sitamkaribisha mtu, sitamtia haya mtu yeyote. Lakini stoo siingii tena.

Akaniambia nitamwaibisha baba. Baba alikuwa na tende mkononi. Ni mtu asiyezungumza sana, malori yamemzoesha ukimya, na tulimsubiri amalize kutafuna.

"Mungu amemfungulia," baba akasema. "Usimfunge wewe."

Kaka aliinamisha kichwa akaendelea na uji wake, na sikudai anikubalie.

Asubuhi iliyofuata nilikula mlangoni. Nilikula wali na samaki kwa kijiko kidogo, na nilitafuna kama nilivyofundishwa, na watu walipita. Wengine waligeuza uso. Msichana mmoja alisema kitu na mwenzake akamnyamazisha. Karibu na adhuhuri mzee wa mablanketi alitoka kwake akaja kusimama mbele yangu. Aliniamkia vizuri, akaniambia kwa heshima kwamba mimi ni binti wa watu anaowajua, na kama haiwezekani nigeuze japo mgongo.

Nikamkaribisha akae. Nikamweleza kila kitu, kama nilivyoeleza hapa, mpaka bega na ncha za vidole. Nikamwambia nikigeuza mgongo sitawaona wateja, na nisipowaona wateja sina duka, na kwamba kujificha nilikwisha kujaribu. Nikamwambia, "Mzee, ukiona dhambi, niambie dhambi ni ipi, nami nitaacha." Alitazama kibakuli changu. Kilikuwa kidogo sana, nadhani alitarajia kitu kikubwa zaidi. Kisha akasimama, akaniombea afya, akarudi kwake.

Muda si mrefu alitoka na kamba, akaifunga kutoka mlango wake mpaka nguzo iliyo katikati yetu, akatundika mablanketi mawili ya rangi ya damu ya mzee. Yalikaa pale mwezi mzima. Sikuyasema na yeye hakuyasema. Mpaka leo sijui kama aliyatundika kunipa stara au kujiepusha na kuniona, na nimeamua kwamba si kazi yangu kujua. Upande wa ngazi, ambako wateja wanatokea, aliuacha wazi.

Siku ya Idi nyumba yetu ilijaa. Nilijipakulia mwenyewe kwenye kibakuli, nikakaa katikati ya wanawake waliozunguka sinia, na nilipoambiwa sijala nikasema nimekula na nitakula tena baadaye, na tena baada ya hapo. Binti yangu, aliyekuwa ametoka shule, alikaa karibu nami akala kwenye sinia huku goti lake limegusa langu.

Tangu wakati huo imepita Ramadhani nyingine. Utumbo umejifunza, si yote, lakini umejifunza. Naweza kula embe kipande kimoja, nikikiweka baada ya chakula. Bado nachomwa sindano, bado nakunywa maji yangu, na zipo siku ambazo tumbo linaamua lenyewe bila kunishirikisha. Yule mtaalamu wa lishe huniuliza kila mara nimekunywa nini jana, na bado haniambii pole.

Miezi michache iliyopita nilisema nataka kwenda Nairobi mwenyewe kuchagua mzigo, kama zamani. Kaka akasema atatuma mtu. Nikakata tiketi. Nilibeba wali, mayai ya kuchemsha, pakiti zangu na nguo za kubadilisha, na nilichagua kiti cha karibu na mlango. Mpakani tumbo lilinishika, nikaomba dereva anisubiri, naye akanung'unika na kusubiri. Kule Nairobi nilizunguka maghala mpaka miguu ikavimba, nikapata sufuria nzito zenye kitako kinene, na mwenye ghala alipojaribu kunipandishia bei kwa kuwa alimwona mwanamke mwembamba amekalia boksi anatafuna yai, nilimaliza kwanza kutafuna, kisha nikamtajia bei ambayo ningelipa. Tulibishana mpaka karibu na kufunga. Mzigo uliingia Kampala baada ya mimi, na siku ulipofika nilisimama juu ya ngazi nikiwaelekeza wachukuzi, kwa sauti ambayo, nimeambiwa, ilisikika mpaka kwenye maduka ya chini.